Kimbia Hannah

Fulana mia mbili zilikuwa zimepangwa kwenye kaunta ya duka la Mzee Sharif, Mtaa wa Biashara, na Mwaura alikuwa ameshaanza kuzishindilia kwenye magunia wakati mzee alipotoka chumba cha nyuma na miwani yake ya kusomea. Alichukua moja, akaikunjua, akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akauliza ni nani aliyeyaandika maneno yale.

Mwaura alijibu kwamba ni yeye, tena kwa fahari kidogo. Kamati ya mbio, iliyokuwa ikikutana sebuleni kwa kaka yake Mbugua huko Kabiria, ilitaka maneno ya Kiingereza. Yeye ndiye aliyesimama kidete akasema hizi ni mbio za familia na majirani, za akina mama wa soko na watu wa kanisa, si za mabalozi, kwa hiyo ziandikwe kwa Kiswahili. Na kwa kuwa mwenye wazo ndiye hubebeshwa kazi, akapewa kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: KIMBIA HANNAH. Tuseme kweli, Kiswahili cha shule kilimpa Mwaura D, na hiyo D yenyewe mwalimu alimwonea huruma.

"Hannah ni nani?" mzee aliuliza.

"Ni dada yangu. Figo zake zimekufa. Jumamosi tunakimbia kumsaidia yeye na wagonjwa wenzake wa kliniki."

"Mola amponye. Lakini mwanangu, hapa hamkusema hivyo." Mzee Sharif alikuwa mtu wa Lamu, na miaka thelathini ya Nairobi haikuweza kumharibia ulimi. Aliweka kidole juu ya neno la kwanza. "Ukimkimbia mtu, wamtoroka. Nyoka hukimbiwa. Mtu aliye taabani hukimbiliwa. Hapa mmewaambia watu mia mbili wamtoroke dada yako."

Musembi, kijana wa mashine ya kuchapa, aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Yeye alikuwa ameliona, alisema, ila alidhani ni staili. Mzee akajitolea kulirekebisha: wangechapa LI ndogo juu ya neno, na mshale wa kuonyesha pa kuingilia, kama mwalimu anavyosahihisha insha, na wangefanya kazi mpaka jioni zote ziwe sawa. Mwaura akakataa. Akacheka, akasema Nairobi hakuna atakayeona, huku watu wanaongea tu, hakuna wa kupima maneno. Alibeba magunia yake akatoka, na kicheko kikamwishia mlangoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kimechapwa kifuani, mara mia mbili.

Kwa maana Mwaura alikuwa amemkimbia Hannah tangu Septemba.

Hannah alikuwa dada yake mkubwa, mwenye saluni pale Kenyatta Market, mwanamke ambaye kabla ya ugonjwa aliweza kusuka vichwa sita kwa siku huku akisuluhisha ndoa mbili. Mwaura, kitinda mimba, alilelewa mgongoni kwake. Ndiye aliyemnyoa siku ya kwanza ya shule na ndiye aliyempeleka. Figo zilipomshinda, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, na Daktari Kivuva wa kliniki akaiita familia, akasema dawa ya kweli ni figo ya ndugu. Mbugua alikuwa na sukari, akaondolewa siku hiyo hiyo. Mama yao, ambaye ukoo mzima humwita Shosho, alikuwa amepita miaka sabini. Akabaki Mwaura. Akapimwa.

Majibu aliyapokea peke yake. Yalikubali, tena vizuri mno. Daktari alipoona uso wake umepauka, alimwambia taratibu kwamba figo haichukuliwi kwa nguvu, aende nyumbani akafikiri, na kwamba ndugu akiwa hataki, wao huiambia familia tu kuwa hafai, wala hawasemi kwa nini. Mlango huo daktari aliufungua kwa huruma. Mwaura aliupita mbio.

Alikuwa na sababu zake, na usiku na mchana alizipanga mstarini kama mashahidi. Debra, mke wake, alikuwa mjamzito wa miezi saba. Baba yao, Mwaura akiwa na miaka kumi na moja, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake akitaniana na wauguzi, akatoka amefunikwa shuka. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini alipofika kwa Shosho na kuwakuta wote wamekaa wakimngoja, hakutoa hata moja. Alisema, "Damu imekataa."

Shosho alimshika mkono akamwombea. Hannah naye, mgonjwa mwenyewe, ndiye aliyembembeleza. Alimwambia asijilaumu, kama ni hivyo basi Mungu ameamua, akamkatia kipande kikubwa cha mkate. Mwaura alikila chote. Hata Debra hakumwambia ukweli, na mtoto alipozaliwa Novemba, mtoto wa kike mwenye afya, aliona haya kumfurahia mbele ya dada yake.

Wazo la mbio lilimjia baada ya Krismasi. Alilishika kama mtu anayezama ashikavyo hata unyasi. Aliacha kwenda nyumbani moja kwa moja kutoka ofisini, akazunguka makanisa, vyama vya akina mama, maduka ya Kawangware, hata akawafuata akina Debra kwenye shule ya chekechea aliyokuwa akifundisha Kitisuru, akawaandikisha walimu wote. Kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kutafuta kazi. Shosho alisema hajaona ndugu ampendaye dada kama huyu. Mtu akisifiwa asichostahili hunenepa, lakini Mwaura alikonda, na watu wakasema ni mazoezi.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Machi 2007 walikusanyika uwanja wa kanisa Kabiria, saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka. Watu walikuwa wengi kuliko fulana. Mbugua alikuja na tumbo lake na viatu vya ngozi, akatangaza kuwa yeye atatembea kwa niaba ya wanene. Wainaina, mzee wa kanisa, aliomba sala ndefu iliyowapoza watu misuli. Mzee Sharif hakuweza kuja, lakini binti yake Abeer alifika na wenzake watatu wa kazini, hijabu zimefungwa barabara na raba mpya miguuni, na Mwaura alipomwona aliangalia kando kana kwamba binti angemsomea kifua kwa sauti. Ajwang, jirani mwenye kipaza sauti, alihesabu kutoka kumi kurudi nyuma, akaruka sita, watu wakaondoka kwa vicheko.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mwaura ilikuwa kilomita nane.

Walishuka hadi Dagoretti Corner, na hapo ndipo alipojua kwamba Nairobi inaona. Makanga waliokuwa wakiita abiria waligeuka, wakasoma vifua vinavyopita, na mmoja akapaza sauti: "Oya, kwani Hannah ni karao wa polisi? Mbona mnamhepa?" Kundi zima liliangua kicheko. Wakimbiaji nao walicheka, hata Debra aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni akitembea na wanene. Kuanzia hapo ikawa ndio wimbo wa barabara. Mama muuza mahindi aliuliza Hannah amewafanya nini, mlinzi wa lango akawaambia wakaze mwendo anakuja. Mwaura alikaza kweli. Alikimbia mbele ya wote, na kila mtu akadhani ni bidii.

Walipofika Ngong Road, karibu na mzunguko wa mochari, alisikia hatua nyepesi zikimfikia. Alikuwa Kui, binti pekee wa Hannah, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, mrefu, miguu kama ya twiga. Alikimbia sambamba na mjomba wake, akasema ana siri.

"Anko, nimepata kitambulisho Jumatano. Jumatatu naenda kupimwa. Daktari alisema nikishafika kumi na nane naweza."

Mwaura alipunguza mwendo mpaka akawa anatembea. Alimuuliza kama mamake anajua. Kui alisema mamake amekataa, amelia, amesema heri afe kuliko kumchana mtoto wake, lakini sasa yeye ni mtu mzima na sahihi ni yake. Akaongeza, kwa upole wa kumfariji, kwamba anajua Anko angetoa kama damu isingekataa. Yeye angalau ajaribu, kwa niaba yake.

"Huogopi?" Mwaura aliuliza.

"Naogopa sana," Kui alisema. "Silali. Lakini si ni mama."

Kisha akamwacha, akakimbia, kwa sababu alikuwa ameahidi kumshinda Abeer. Mwaura alisimama kando ya barabara mikono magotini, na waliompita walimpigapiga mgongo wakimwambia asikate tamaa, imebaki kidogo. Aliona haya hata ya jua. Kijana wa miaka kumi na nane alikuwa ameisema kwa sekunde moja hofu ambayo yeye, mtu wa miaka thelathini na nne, alikuwa ameizungushia uongo wa miezi sita.

Kenyatta Market ilikuwa imejaa moshi wa nyama na muziki wa kanisa. Hannah alikuwa amekalishwa mbele ya saluni yake, miguu imevimba ndani ya malapa, fulana ikimpwaya. Kila aliyefika alimkumbatia. Mwaura alipofika, alitiwa chupa ya maji mkononi, akaifungua, akaifikisha mdomoni, akamwona dada yake anaiangalia. Hannah aliruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku, basi. Mwaura aliifunga chupa akaiweka chini ya kiti, koo limekauka kama vumbi la Kabiria, akamwambia anataka wazungumze ndani.

Walipanda ngazi tatu za saluni, Hannah akipumzika kwenye kila moja. Wasusi wote walikuwa nje wakila. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mgongo kwa kioo, akamwambia amekimbia vizuri, pole kwa uchovu. Mwaura hakukaa. Alisema Kui asipimwe.

"Nimemwambia," Hannah alisema. "Hasikii. Unajua ana kichwa cha babake. Na mimi, Mwaura, nisikudanganye, jana nilishika mkono wake nikafikiria, labda tu. Nikajichukia. Lakini ni nani mwingine aliyebaki?"

"Mimi."

"Wewe si damu ilikataa?"

"Haikukataa."

Nje Ajwang alikuwa akitangaza kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba sasa tunamtafuta mwenyekiti wa mbio, Mwaura, yuko wapi huyu ndugu wa kweli, aje apokee kikombe chake. Hannah alikaa akimtazama bila kupepesa. Mwaura alianza kueleza, habari za baba, habari za Debra na mimba, na kila neno lililotoka lilikuwa dogo kuliko lilivyokuwa kichwani. Akaacha katikati.

"Uliogopa nini?" Hannah aliuliza.

"Kufa."

"Mimi pia. Kila Jumanne na Ijumaa." Alitazama mikono yake, yenye alama za sindano mpaka kwenye kiwiko. "Septemba ile nilipiga magoti nikamwambia Mungu sawa. Nilimwambia, kama hata damu ya Mwaura imenikataa, basi umeshasema, mimi ni nani nibishane na wewe. Nikanyamaza. Sijamwomba kupona tangu siku hiyo. Kumbe nilikuwa naongea na wewe."

Mwaura alilia. Hannah hakulia, wala hakumnyamazisha kama alivyozoea. Alimngoja amalize, kama anavyomngoja mteja anayelalamika kuwa amesukwa kwa kukazwa. Mwaura akasema atakwenda kliniki Jumatatu kabla ya Kui, atatoa, kiapo, hatarudi nyuma tena. Hannah akamwambia aende. Hilo la Septemba libaki humu ndani, Shosho hawezi kulibeba na Kui anampenda mno. Kisha akamwonyesha mlango, kwa sababu watu walikuwa wanamwita.

Akatoka akapewa kikombe. Akapigiwa makofi na vigelegele, Shosho akacheza hatua mbili tatu za ujana wake, na Mbugua, aliyefika saa nzima baada ya wengine, akataka picha. Kwenye picha hiyo Mwaura amekibeba kikombe kwa mikono miwili, macho chini, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwingine akimngojea mwenyewe.

Jumatatu aliwaambia nyumbani kwamba kliniki imemtaka arudie kipimo. Huo nao ulikuwa uongo, lakini ulikuwa mdogo, na aliuona kama wa mwisho. Alitolewa damu. Kui, aliyekwenda naye, aliambiwa asubiri kwanza majibu ya mjomba, na njiani kurudi alimwombea kwa sauti, bila kuona aibu kwa abiria. Usiku Mwaura alimweleza Debra yote. Debra alimgeuzia mgongo hadi asubuhi, halafu akamwambia, kwa sauti kavu, kwamba atamfulia pajama za hospitali. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba Mwaura alikula chakula akakisikia ladha. Hofu ilikuwepo, lakini sasa ilikuwa hofu safi, ya mtu anayejua anakokwenda.

Ijumaa walirudi, kwa sababu ilikuwa pia siku ya Hannah ya mashine. Daktari Kivuva alimwita peke yake. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili, ya Septemba na ya juzi, naye alizitazama kwa zamu. Alieleza polepole, kama mtu anayeshusha mzigo usivunjike. Tangu Septemba Hannah amekuwa akipungukiwa na damu, na mara tatu imebidi aongezewe: Oktoba, Januari, na tena mwanzoni mwa Machi. Mwili ukishapokea damu za watu wengi hujifunza kuwatambua wageni, na wakati mwingine huanza kumkataa hata aliyekuwa wake. Wamechanganya damu ya Mwaura na ya Hannah mara mbili ili wahakikishe. Mara zote mbili imekataa.

Mwaura alimuuliza kama kuna dawa. Daktari alisema si hapa, si kwa hali ya Hannah ilivyo. Mwaura akauliza, kama angekuja wakati ule. Daktari alizifunga zile karatasi ndani ya faili, akasema tumtazame binti, vijana huwa na bahati.

Kwenye korido Hannah na Kui walikuwa wamekaa kwenye benchi, mkono wa mama juu ya goti la mwanawe. Mwaura alisimama mbele yao. Maneno yalikuwa yale yale mawili, hakupata mengine.

"Damu imekataa."

Kui aliinuka akamkumbatia, akamwambia pole Anko, umejaribu mara mbili, nani angefanya zaidi. Muuguzi akamwita kwa jina lake lote. Kui alivua saa yake na mkoba, akampa mjomba amshikie, akaingia ndani bila kuangalia nyuma, mlango ukajifunga wenyewe.

 Hannah alikuwa anamtazama Mwaura usoni, kwa makini, kama mtu anayekagua noti ya elfu kwenye mwanga.

"Safari hii ni kweli, Hannah," Mwaura alisema. "Haki ya Mungu, ni kweli."

Hannah aliushika ukingo wa benchi akaanza kujiinua, kidogo kidogo, akikataa mkono alionyoshewa.

"Nitamuuliza daktari," alisema.